Nusu ya Venansi

Katika mji ule kila nyumba ilikuwa na mlango wa nyuma uliofungukia jana. Mafundi hawakukusudia. Walijenga nyumba za kawaida tu, sebule, vyumba viwili vitatu, mlango wa kutokea uani, na siku ya kukabidhiwa funguo mwenye nyumba akiusukuma ule mlango anakuta hakuna ua. Anamkuta mama yake amekaa kwenye kigoda anapepeta mchele, hana hata unywele mmoja mweupe. Mafundi waliitwa wakatukanwa, wakaapa kwa majina ya wazazi wao kwamba hawajui lolote. Baadaye watu walizoea, maana hakuna kitu ambacho binadamu hazoei, ikafika mahali nyumba isiyo na mlango wa nyuma haipati mpangaji.

Usiulize mji huo uko wapi. Umeshapita hapo, na huenda umelala hapo mara nyingi kuliko unavyopenda kukiri. Ni mji mtulivu, wenye mitaa mipana na vumbi jepesi la rangi ya mdalasini, na wakati wa habari hizi karibu watu wake wote walikuwa wameshaondoka. Waliondoka mmoja mmoja, wakaacha sufuria mekoni na nguo kwenye kamba. Hawakufa, tuelewane hapo. Walirudi nyuma. Ukichungulia kwenye milango yao unawaona, kila mtu ndani ya siku aliyoipenda kuliko zote, anaiishi, inakwisha, anaianza tena. Wanacheka pale pale walipocheka. Na waliobaki mjini walibaki na swali ambalo halikuwapa usingizi mzuri: mtu akirudishiwa alichokipenda, kilekile, bila kupungua hata kidogo, amepewa au ameibiwa?

Gaudensia alikuwa miongoni mwa waliobaki. Alikuwa mjane mwenye magoti mabovu na ulimi usio na breki, na mlango wake wa nyuma alikuwa ameuegemezea kinu kikubwa cha kutwangia ili usifunguke wenyewe. Alikuwa Mkristo wa siku zote, aliyebatizwa kabla ya kuota meno, mtu ambaye ungemwomba akueleze Utatu Mtakatifu angekuambia umuulize padri, yeye ana mahindi juani. Lakini kusali alijua. Kuhusu ile milango hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Mwalimu Apolinari, katekista wa kigango, alishalisema jambo hilo mbele ya watu wote, zamani, mji ulipokuwa bado na watu: Mungu ametuahidi kesho, jana hakutuahidi kwa sababu alishatupa. Gaudensia alilipokea neno hilo, akarudi nyumbani, akasukuma kinu.

Angekuwa salama kabisa kama si ile rozari.

Sikiliza namna watu wa imani yake wanavyoisali, kwa maana mambo yote yalianzia hapo. Rozari ya nyumbani haisaliwi na mdomo mmoja. Mmoja anaanza: Salamu Maria, umejaa neema, mpaka pale anapotajwa Yesu. Hapo ananyamaza. Wengine wanapokea: Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, mpaka Amina. Wa kwanza anaanza tena. Sala inakwenda hivyo, inatoka huku inarudi huku, na watu wanapita punje moja moja mpaka mwisho. Nyumbani kwa Gaudensia aliyeanza alikuwa mumewe, Venansi, mchoma matofali, mwanamume mwenye kifua kipana na kikohozi kidogo cha adabu ambacho hakuanza kusali bila kukikohoa kwanza. Gaudensia alijibu. Waliisali hivyo tangu walipokuwa wageni kitandani mwao, kila alasiri Venansi alipotoka tanurini, vumbi jekundu likiwa bado kwenye nyusi zake. Alikuwa akichanganya matendo, yale matukio ya Yesu na mama yake yanayotafakariwa kwa zamu za siku. Siku ya matendo ya uchungu yeye anatangaza matendo ya furaha, mkewe anamfinya, naye anasema, "Basi leo Bibi Maria apumzike kulia," na wanaendelea. Wakati mwingine usingizi ulimchukua katikati ya punje, na Gaudensia akabaki anangoja, ameinua uso, mpaka akamgusa kwa kiwiko. Alikuwa anapenda kumngoja. Sasa alijua kwamba hakuna kitu alichokipenda zaidi katika maisha yake yote, na hakukisema hata siku moja.

Venansi alipokufa, Gaudensia hakuacha rozari. Aliendelea vilevile, kwenye mkeka uleule, jua la alasiri likiingia kwa dirisha lilelile. Ila hakuanza. Ile nusu ya kwanza aliiacha kimya, akakaa kwa muda ambao Venansi angeutumia kuisema, pamoja na muda wa kikohozi, kisha akajibu. Kimya, jibu. Kimya, jibu. Kuisema yeye ilikuwa kama kukaa kwenye kiti cha mwenye nyumba aliyetoka mara moja. Miaka ikapita hivyo. Watu wa sala wana makosa yao ya pekee. Mlevi anakosea baa, wao wanakosea wakiwa wamepiga magoti. Nusu sala ni shimo ukutani, na Gaudensia alilichimba shimo hilo kwa upendo, kila alasiri, punje kwa punje, akidhani anamheshimu marehemu wake.

Basi alasiri moja ya Kwaresima alikaa, akajifanyia ishara ya msalaba, akaacha kimya chake. Nyuma ya kinu mtu akakohoa.

Halafu sauti ikasema, "Salamu Maria, umejaa neema."

Gaudensia hakupiga kelele. Angekuwa mtu wa kupiga kelele, ingekuwa rahisi zaidi. Alikaa na rozari mkononi, akaisikiliza ile sauti ikishuka taratibu, ikimtaja Mwokozi, ikinyamaza mahali pake. Ilikuwa na mkwaruzo wa vumbi la tofali. Ilikuwa na ule uvivu wa mwishoni. Akajibu bila kufikiri, kama alivyojibu siku zote, na machozi yakamfika kidevuni kabla ya Amina.

"Hodi," mtu akasema mlangoni, mlango wa mbele.

Alikuwa mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, uso ni wa mtu ambaye una hakika mlisoma pamoja lakini jina lake limekutoka. Mjini walimwita Mrudishaji. Kila aliyeondoka alionekana naye siku ya mwisho, wakiongea vizuri, yeye amemshikia mkoba.

"Shikamoo, Mama Eustela," akasema. Eustela alikuwa binti pekee wa Gaudensia, aliyeolewa mbali.

"Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo."

Mkatoliki yeyote, hata aliyelewa, anajua kinachojibiwa hapo. Yule bwana akatabasamu. "Nashukuru, mama. Na wewe pia."

Gaudensia aliliona hilo, akaliacha lipite. Masikio yake yalikuwa nyuma ya kinu.

"Ni yeye?" akauliza.

"Ni yeye. Mimi si tapeli. Siwaletei watu vinyago. Yule ni Venansi wako, wa siku ile mliyohamia nyumba hii, madirisha hayajatiwa. Unaikumbuka?"

Aliikumbuka? Walikula chini, juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, kwa sababu meza ilikuwa haijaletwa. Venansi alikuwa amejenga kuta zile kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe, na kila alipotia tonge mdomoni aliutazama ukuta, akacheka peke yake. Upepo uliingia ulivyotaka. Eustela alikuwa mdogo, anatambaa kila mahali. Walisali rozari yao ya kwanza humo ndani na sauti zao zikavuma kwa kuwa vyumba vilikuwa vitupu.

Mrudishaji akashika kinu kwa mkono mmoja, akakisogeza pembeni. Kinu ambacho Gaudensia na jirani walikihangaikia kutwa nzima. "Tazama tu," akasema. "Kutazama hakuna kosa."

Mlango ukafunguka, na mumewe alikuwa pale. Ameketi chini, miguu ameinyoosha, mgongo ukutani, kijana jamani, kijana hata inatia aibu, vumbi jekundu kwenye nyusi. Alikuwa ameshika rozari ile ya mbao.

"Gaude," akasema. "Njoo, ugali unapoa."

Hakuna mtu aliyemwita Gaude tangu siku ya mazishi.

Akanyoosha mkono. Mkono ulipovuka kizingiti ukabadilika, ngozi ikajivuta, kucha zikang'aa, pete iliyokuwa imekatwa kwa msumeno kwa sababu ya uvimbe ikarudi kidoleni. Mkono wa kulia ulikuwa wa bibi harusi. Wa kushoto, ulioshika rozari, ulikuwa huku nje, na mishipa yake, na madoa yake. Akaitazama yote miwili. Hakujua upi ni wake.

Nani huyu aliyesimama, akajiuliza. Mimi. Mimi yupi. Yule wa ugali au huyu wa magoti. Bwana wangu Yesu, umenichelewesha sana. Umeniambia ningoje, nimengoja, nimengoja mpaka sauti yake ikaanza kunitoka, siku nyingine namkumbuka kikohozi tu. Huyu hapa. Hatua moja. Ungekuwa wewe ungefanyaje. Wewe mwenyewe ulimlilia rafiki yako kaburini, watu wakakuona.

"Bei yako ni nini?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sichukui kitu cha thamani," Mrudishaji akasema. "Utaacha hapa kizingitini kipande kimoja ambacho huko hakina kazi. Nusu yako ya sala."

"Kwa nini hiyo?"

"Ina maneno ya ajabu ajabu. Inasema sasa. Inasema saa ya kufa. Huko hakuna sasa, mama, na hakuna kufa. Yeye ataanza, wewe utamsikiliza. Niambie kweli, si hicho ndicho unachokiomba kila siku ukikaa kimya? Kumsikiliza?"

"Na nisipojibu, sala itaishaje?"

"Haiishi. Ndiyo raha yake."

Aliongea kwa upole, na lazima tumtendee haki, hakudanganya neno hata moja. Wanaofikiri kishawishi huja na harufu ya kiberiti hawajawahi kushawishiwa. Kinakuja na harufu ya kile unachokikosa. Kwa Gaudensia kilinuka tofali lililoiva na ugali wa mahindi mapya, na kilimwita kwa jina la kubembeleza.

Akamgeukia mumewe. Alitaka kumpa habari kwanza, kama mke yeyote aliyekaa mbali na mumewe muda mrefu. Habari zilikuwa zimemjaa.

"Venansi," akasema, "Eustela amejifungua. Mtoto wa kiume. Amempa jina lako."

Venansi akainua uso, akatabasamu. "Mwambie Eustela asichezee moto."

"Nimesema amejifungua. Una mjukuu, ana masikio yako yale yale, watu wanamcheka."

"Mwambie asichezee moto," akasema tena, kwa upendo uleule, akitazama mekoni ambako mtoto mdogo alikuwa anatambaa.

 Gaudensia akajaribu tena, polepole, kama mtu anayejaribu ufunguo ambao ameshajua si wenyewe. "Mume wangu. Unajua kwamba ulikufa?"

Venansi akacheka mpaka vumbi likamwanguka kutoka kwenye nyusi. "Nife niende wapi, na ugali uko mbele yangu?"

Alikuwa amelisema hilo siku ileile, Gaudensia alipomtania kwamba atakufa kwa kula. Ndiyo yote aliyokuwa nayo. Alikuwa na maneno ya siku moja, mazuri, ya kweli, na hakuna jipya ambalo lingemwingia. Miaka yote ya mbele, ugonjwa aliouvumilia, ule usiku aliomwomba mkewe msamaha kwa mambo ambayo mkewe alikuwa hayajui, mjukuu, yote hayo yalikuwa nje ya ule ukuta. Venansi aliyemwomba msamaha hakuwamo mle. Yule alikuwa kaburini, mikononi mwa Mungu, na alikuwa mkubwa kuliko huyu.

Ungedhani hapo Gaudensia alirudi nyuma, akaufunga mlango, akaimba wimbo. Hapana. Alijua yote hayo na bado alitaka kuingia. Niseme ukweli, alitaka zaidi. Mtu mwenye njaa humwonyeshi kwamba chakula ni cha jana akakiacha. Alisema moyoni, nitachukua hata hicho. Nitakaa naye hapo chini, nitamtazama akiutazama ukuta, asinijue uzee wangu, asijue chochote, si kitu. Mguu wake wa kulia ukapanda kizingitini. Goti halikuuma.

Akatafuta imani yake, na hakuikuta mahali alipotegemea. Alitegemea itakuwa kifuani, joto fulani, nguvu. Kifuani kulikuwa na Venansi mtupu. Akaomba, Yesu, nisaidie, na hakuna aliyemjibu, na mbingu zilikuwa bati la nyumba yake lililotoboka pale pale lilipotoboka. Kilichobaki kilikuwa kile chuma kidogo katika mkono wa kushoto, ule msalaba wa mwishoni mwa rozari, uliomchoma kiganjani kwa kuwa alikuwa ameubana sana. Na akili yake ikamwambia jambo moja kavu, lisilo na utamu wowote: sala haijaisha. Imebaki nusu. Mtu akianza lazima amalize, na kama mwanzo umenyamaza, mwenye mdomo ndiye aanze.

Venansi akakohoa. "Salamu Maria," akasema.

"Salamu Maria," Gaudensia akasema.

Mrudishaji akashtuka. Ilikuwa mara ya kwanza uso wake kufanya jambo bila ruhusa. "Mama, hiyo ni sehemu yake."

"Umejaa neema," Gaudensia akasema, pamoja na mumewe, sauti yake juu ya sauti ile.

"Mama Eustela, nisikilize. Ukianza wewe, utakuwa umemzika."

"Nilishamzika!" akamgeukia, na ule ulimi wake ukarudi wote. "Wewe hukuwepo. Nilitupa udongo kwa mkono huu huu. Bwana yu nawe. Usinisemeshe nikisali."

Wakaenda pamoja, mume na mke, neno kwa neno, kama ambavyo hawakuwahi kusali hata siku moja, maana siku zote mmoja alinyamaza mwenzake aseme. Wakafika kwenye jina la Yesu, wakalitamka wote wawili. Hapo Venansi akanyamaza mahali pake, na Gaudensia akapitiliza. Maneno yalimwia mazito mdomoni, kila moja lilitaka kurudi. Utuombee sisi wakosefu. Akafika kwenye sasa. Alilisema, na sasa ikaja, ikamwangukia yote kwa pamoja, magoti, uzee, jua la alasiri, nyumba tupu. Akasema, na saa ya kufa kwetu. Mkono wake wa kulia ukaanza kukunjamana kuanzia vidoleni. Pete ikatoweka. Alilia kwa sauti kama mtoto, na hakuacha, akasema Amina, akaurudisha mkono nje.

Mrudishaji alinyoosha shati lake. "Nitapita tena siku nyingine," akasema bila hasira, na kwa adabu kabisa akatoka kwa mlango wa mbele. Huyo huwa anapita tena. Gaudensia alilijua hilo wala hakujidanganya.

Mlango wa nyuma ulibaki wazi. Hakuna wa kuufunga isipokuwa yeye. Akashika kitasa.

"Gaude," Venansi akasema kutoka sakafuni, "unaenda wapi?"

Hilo pia lilikuwa la siku ileile. Gaudensia alilikumbuka, na alikumbuka alichojibu. Alikuwa ameinuka katikati ya chakula, na Venansi hakupenda ainuke.

"Kuchukua chumvi," akamwambia.

"Usikawie."

Akaufunga. Alisimama amekiegemeza kipaji cha uso kwenye mbao mpaka upande wa pili kukawa hakusikiki kitu, kisha akalia kilio ambacho hakukilia msibani, kwa sababu msibani alikuwa na wageni wa kuhudumia.

Mwalimu Apolinari alimkuta hivyo. Mzee huyo alikuwa akizunguka mjini kila alasiri na fimbo yake, akiwasalimu wachache waliobaki na nyumba za waliokwenda. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, Amina," Gaudensia akasema, akijifuta kwa upindo wa kanga.

"Miaka yote napita dirishani kwako nasikia unajibu," mzee akasema. "Nikajua yupo anayeanza, ila mimi masikio yamekufa. Leo nimesikia mwanzo."

"Nimeanza mimi, Mwalimu."

Mzee akamtazama, akautazama mlango wa nyuma, akatazama kinu kilichosukumwa pembeni.  Alivua viatu, akashuka kwenye mkeka kwa shida nyingi na kuguna kwingi, akatoa rozari yake mfukoni.

"Endelea basi," akasema. "Anza, mimi nitajibu. Fungu hili tunamwombea nani?"

Lilikuwa swali la kawaida, linaloulizwa kila fungu la punje kumi, katika kila nyumba ya jumuiya. Wengine hutaja wagonjwa, wengine wasafiri, wengine waliotangulia. Zamu ya Gaudensia ilipofika alikuwa akisema, mume wangu Venansi, basi, na kwa namna alivyolitaja mgeni angedhani huyo bwana amesafiri kikazi na atarudi mwisho wa mwezi. Majirani walikuwa wakiinamisha macho. Hakuna aliyethubutu kumwongezea lile neno moja mbele ya jina.

 Mzee alingoja.

"Kwa marehemu," Gaudensia akasema.

Akalirudia.

"Kwa marehemu Venansi, mume wangu. Raha ya milele umpe, ee Bwana."

Mwalimu Apolinari aliinamisha kichwa. Gaudensia akakohoa kidogo, akashika punje ya kwanza, akaanza.